Shauri la Endale na Matonge Matatu

Barua ilifika saa tatu asubuhi, na mwenyewe hakuwa wa kwanza kuisoma. Ato Endale Wubshet, yaani Bwana Endale, mtunza stoo wa wilaya yetu ya Amba Wuha, alikuwa uani akinyoa ndevu, povu limemjaa shavuni. Mkewe Zenebech ndiye aliyeipokea mlangoni, akaifungua, akaisoma kwa sauti ili mama yake, Emama Tiruye, ambaye macho yake hayaoni tena maandishi, asikie naye.

Barua ilisema kwamba siku ya Ijumaa, katika ubatizo nyumbani kwa mkandarasi Dagnachew Alemu, mtumishi wa umma Endale Wubshet alipokea gursha tatu kutoka mkononi mwa mkandarasi huyo, mbele ya mashahidi wapatao sabini. Kuanzia siku hiyo alikuwa amesimamishwa kazi. Kamati ikimwona ana hatia, atafukuzwa, na nyumba ya serikali anayokaa ataiacha ndani ya siku thelathini.

Zenebech alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyekatwa miguu. Mama yake akauliza, "Wamesema Ijumaa?"

"Mama, wamesema amekula rushwa."

"Hiyo nimeisikia. Mimi nauliza Ijumaa. Wanasema mkwe wangu alikula kuku siku ya Ijumaa?"

Huku kwetu Jumatano na Ijumaa hatugusi nyama, wala yai, wala maziwa, na kwa bibi kama Emama Tiruye mtu anayekula kuku Ijumaa afadhali angeiba ng'ombe. Ubatizo ule ulikuwa Alhamisi. Yeye mwenyewe alikuwa jikoni kwa Dagnachew tangu alfajiri, akimenya mayai ya mchuzi.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema, akaanza kutafuta shuka lake jeupe. "Hawawezi kuniletea aibu hii nyumbani."

Endale aliingia na povu lake, akasoma barua, akaisoma tena, akauliza kwa sauti ndogo: "Gursha? Yaani tonge?"

Ndipo penye kichekesho chenyewe, na penye msiba. Kwetu gursha ni tonge la injera, mkate wetu mwembamba laini, unalolishwa mdomoni kwa mkono wa mtu anayekupenda, na huwezi kulikataa bila kumtukana. Na gursha hiyo hiyo ni kile kinachotiwa mkononi mwa mhudumu wa hoteli baada ya bili, na mkononi mwa karani kabla ya muhuri. Neno ni moja, ila tundu la kuingilia ni tofauti.

*

Ugomvi wa Endale na Dagnachew ulijulikana mtaa mzima. Serikali ilitoa mifuko mia nne ya saruji ya kujengea zahanati ya kina mama. Malori yalishusha mia na themanini. Endale akaandika mia na themanini. Dagnachew akamwomba kwa upole aandike mia nne, kwa kuwa mia nne ndiyo iliyo kwenye mkataba na ni vizuri karatasi zipatane. Endale akasema karatasi zake zinapatana na stoo. Akaandika barua tatu kwa Ato Sisay, afisa maadili wa wilaya, na Sisay akazipokea zote kwa mikono miwili.

Huyu Sisay ana sheria ya kupambana na rushwa ofisini kwake. Ina kurasa tisini, imejalidiwa vizuri, na upepo ukivuma anaitumia kuzuia dirisha lisigonge.

Mchunguzi alitumwa kutoka mkoani, dada mmoja mkavu aitwaye Mahlet, mwenye miwani na fomu. Alimketisha Endale mbele yake, na Sisay akakaa pembeni akichokonoa kucha.

"Ulipokea gursha kutoka kwa Ato Dagnachew?"

"Nilipokea."

Mahlet aliinua kichwa. Kwa miaka minne ya kazi ile hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo.

"Ngapi?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Dada yangu, ningekataa ya pili angesema nina kinyongo. Ya tatu nilikuwa nimeshazoea."

"Za kiasi gani?"

Endale alikunja ngumi akaionyesha. "Ya kwanza hivi. Ya pili imezidi kidogo. Ya tatu ilikuwa na yai zima ndani, nusura anitoe roho mbele ya mgeni rasmi."

Mahlet aliandika kitu, akakifuta. "Fomu inauliza, ulichopokea ulikihifadhi wapi?"

Endale akaweka mkono tumboni.

"Na je, kuna sehemu yoyote iliyorudishwa?"

"Hapana. Ilitaka kurudi, lakini Mungu alisaidia."

Mahlet alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, mabega yakimtetemeka. Alipoivaa tena uso ulikuwa umeshakauka.

"Ato Endale, naelewa unachosema. Na mimi nimelishwa matonge tangu utoto. Lakini tuhuma imeandikwa gursha, na gursha ni kifungu cha kumi na saba. Kifungu cha chakula hakipo."

"Basi futa."

"Faili limeshapewa namba. Wilaya yenu haijapeleka kesi hata moja tangu mwaka juzi, mkoa ukatoa onyo, na mkuu wenu akaleta hii haraka haraka. Imeshaingia kwenye taarifa."

"Na mifuko mia mbili na ishirini ya saruji, imeingia?"

"Ipi hiyo?"

"Niliandika barua tatu."

"Alipokea nani?"

Wote wawili walimgeukia Sisay, naye akaacha kucha zake. "Zipo," alisema kwa upole. "Zinashughulikiwa. Haya mambo hayataki pupa."

*

Kusimamishwa kazi ni kitu kimoja, mtaa ni kitu kingine. Siku ya pili walikuja wazee wawili wa chama chetu cha mazishi. Kwa miaka kumi na moja Endale ndiye aliyeshika funguo za turubai, mabenchi na sufuria za msibani. Walikunywa mikupuo yote mitatu ya kahawa, kuanzia ule mzito hadi ule wa mwisho usio na ladha, wakazungumzia mvua.

"Siyo kwamba tunakushuku," alisema mmoja hatimaye, akiangalia kikombe.

"Hata kidogo," alisema mwenzake.

"Tunataka tu kuzihesabu sufuria."

Endale alizitoa funguo mfukoni akawapa. Sufuria zilikuwa thelathini na mbili na zilibaki thelathini na mbili, lakini funguo hazikurudi.

Watoto wakawa wanafumba midomo kwa viganja anapopita. Jirani aliyemzoea alimkaribisha chakula, kisha akasema kwa sauti mbele ya wageni, "Ule mwenyewe kwa mkono wako, ndugu yangu, tusije tukaitwa mahakamani." Wageni wakacheka. Endale naye akacheka, akaenda nyumbani na njaa.

Jioni moja Dagnachew alikuja. Ni mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kubembeleza, na anapoingia nyumbani kwako unajikuta unamtafutia kiti kizuri hata kama unamchukia. Alimbusu Emama Tiruye mashavu yote mawili.

"Mama, mchuzi wako bado watu wanausema."

"Ulikuwa Alhamisi," alisema Emama Tiruye.

"Ulikuwa Alhamisi, mama."

"Basi waambie."

Dagnachew akamgeukia Endale. "Kaka, mimi roho inaniuma. Nilikulisha kwa upendo, kweli kabisa, na watu wabaya wakakuandikia."

"Watu gani hao?"

"Watu." Akashusha pumzi. "Lakini faili ni karatasi tu. Na wilaya ina panya wengi. Wewe saini ile hati ya mia nne, na mimi nitaongea na panya."

Zenebech alikuwa mlangoni na sinia, na alitamani mumewe akubali. Nasema ukweli, alitamani. Aliziona kuta zile, na uani walipopanda mti wa gesho wa kutengenezea pombe, na chumba cha mama yake, na akajiuliza saruji ya watu wengine inamhusu nini.

"Mifuko ilikuwa mia na themanini," alisema Endale.

Dagnachew alisimama, akabusu mashavu ya bibi tena, akatoka akiwa bado anatabasamu.

Zenebech aliweka sinia chini. "Mia na themanini," alimwiga mumewe. "Ukifukuzwa tutakwenda kulala ndani ya mia na themanini hiyo?"

"Zene, mimi nina nini? Shamba sina. Ng'ombe sina. Nina jina tu."

"Jina halina paa."

Alijuta alipolisema, lakini hakuliondoa. Walilala wamegeuziana migongo, na asubuhi Zenebech alifunga kitambaa kichwani akaenda nyumba hadi nyumba kuomba mashahidi.

*

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa wilaya, chini ya bango linalosema rushwa ni adui wa maendeleo, lililopakwa rangi na kampuni ya Dagnachew. Mwenyekiti alikuwa Ato Moges, mkuu wa wilaya, mtu wa suti na kikohozi. Sisay alikuwa katibu. Mahlet alikaa mwisho wa meza na faili lake. Ukumbi ulijaa, maana kila aliyehudhuria ubatizo alikuwa shahidi, na asiyehudhuria alitaka kujua alikosa nini.

Mashahidi sita wa kwanza walisema yale yale. Ndiyo, walimwona akilishwa. Ndiyo, mara tatu. Mmoja aliulizwa kama mtuhumiwa alionyesha kuridhika, akasema alionyesha kukabwa.

"Mama Tiruye Bezabih," aliita Sisay.

Emama Tiruye alisimama na shuka lake jeupe, akakataa kiti.

"Wanangu, mambo ya rushwa mtamaliza wenyewe. Mimi nimekuja kwa ajili ya yai."

"Yai gani, mama?" aliuliza Moges.

"Mmeandika Ijumaa. Ilikuwa Alhamisi. Andikeni Alhamisi, nirudi nyumbani."

"Mama," alisema Sisay, "utathibitishaje kwamba ilikuwa Alhamisi?"

Hilo lilikuwa kosa lake. Bibi yule ukimwuliza kitu cha jikoni anajibu chote.

"Kwa sababu kuku alikuwepo. Nani apike kuku Ijumaa? Kuku tulichinja wawili, kila kuku na mayai yake kumi na mawili kama desturi, yakawa ishirini na manne, niliyamenya kwa mikono hii. Nayajua yote yalikokwenda. Mawili kwa padri. Moja kwa mama wa mtoto. Moja mkwe wangu, lile lililomkaba. Moja wewe mwenyewe, Sisay mwanangu, Dagnachew alikulisha ukiwa umeshika glasi, ukataka na la pili."

Ukumbi uliguna. Sisay aliacha kuandika.

"Na Ato Moges," aliendelea bibi kwa heshima, akimwinamia mwenyekiti, "alilishwa mayai mawili na gursha tano. Nilihesabu kwa sababu nilifurahi. Nilisema huyu mkuu hana maringo. La pili alilipokea amefumba macho."

Mtu wa nyuma alicheka puani, wa pembeni akamfuata, na kicheko kikatembea benchi hadi benchi. Moges alikohoa. Alikohoa tena. Mahlet alikuwa amechukua kalamu na alikuwa anaandika kwa bidii, na hakuna kitu kilichomtisha Moges siku ile kama kalamu hiyo.

"Bi Mahlet, unaandika nini?"

"Ushahidi, mwenyekiti. Kama tatu ni kosa, itanibidi niulize kuhusu tano."

Kamati iliomba mapumziko ya dakika kumi. Walikaa saa moja na nusu. Waliporudi, Moges alisimama na karatasi iliyopigwa chapa, yenye muhuri ambao wino wake ulikuwa haujakauka, akasoma kwa sauti ya mtu anayezindua daraja:

"Katika shauri la Endale Wubshet, kamati imeona kwamba gursha, kwa mila na desturi zetu, ni ishara ya upendo na ukarimu. Kwa hiyo, mtumishi wa umma kupokea gursha kutoka kwa mkandarasi, au kwa mwananchi yeyote anayehudumiwa, siyo kosa katika wilaya hii. Mtuhumiwa yuko huru na arudi kazini. Uamuzi huu ubandikwe katika ofisi zote."

Wanawake walipiga vigelegele. Zenebech alilia waziwazi, akamkumbatia mumewe mbele ya mkuu wa wilaya, jambo ambalo kwetu halifanywi. Emama Tiruye alikwenda mezani kuhakikisha wameandika Alhamisi.

Mahlet alikuwa anafunga begi lake. Endale alimfuata. "Dada, na saruji?"

"Faili la saruji halipo, Ato Endale. Nimetafuta."

"Na barua zangu?"

"Ato Sisay anasema zipo." Alimtazama kwa huruma iliyomuudhi Endale. "Wakati umesimamishwa, hati ya mia nne ilisainiwa kwa niaba yako. Kisheria saruji imefika yote."

Alimpa mkono, akapanda gari la mkoa. Kwenye taarifa ya robo mwaka wilaya yetu iliandikwa kesi moja, imeshughulikiwa, asilimia mia. Ukuta wa zahanati ulisimama usawa wa madirisha na haujapanda tena, na mbuzi wa mtaa wanalala humo.

*

Endale alirudi stoo. Funguo za sufuria hazikurudishwa, lakini watu walianza tena kumsalimia kwa kicheko cha kawaida, na nyumba ilikuwa na amani. Zenebech alipika mchuzi Jumapili akamlisha mumewe kwa mkono wake, nao wakacheka mpaka mama akawaambia wanyamaze.

Kilichobaki kilikuwa karatasi ya nyumba. Kwa kuwa ilisimamishwa pamoja na mwenyewe, ilibidi igongwe muhuri upya kwenye ofisi ya mtaa. Endale alikuwa na malori ya kupokea, basi Zenebech akaenda.

Mbele yake kulikuwa na mzee mwenye ombi la kuvutiwa maji. Zenebech alimsikia akimwambia karani, kwa aibu kidogo, "Nimekuja na endale, lakini ni ndogo." Karani akamwambia siyo neno, ndogo nayo ni endale. Kitu kikapita chini ya karatasi, muhuri ukagongwa. Zenebech alijiuliza ni Endale gani huyo mdogo, maana mtaani kwao alimjua mmoja tu.

Zamu yake ilifika. Karani alikuwa kijana safi, mwenye adabu, tai imekaa sawa. Ukutani nyuma yake ulikuwa umebandikwa uamuzi wa kamati, ndani ya nailoni usichafuke.

"Karibu, mama. Umekuja na endale?"

"Yuko kazini," alisema Zenebech. "Stoo ya wilaya."

Karani alicheka kwa ukarimu. "Hapana, mama. Siyo mtu." Alionyesha ukutani kwa kalamu. "Zamani tulikuwa tunasema gursha, watu wanakunja uso, wengine wanatishia kushtaki. Sasa ni halali. Tunasema endale, kutokana na shauri lenyewe. Wilaya nzima wanasema hivyo. Nasikia hata mkoani wameanza."

Zenebech aligeuka. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu kwenye foleni hiyo, aliona sasa, alikuwa ameshika kitu ndani ya kiganja.

"Haya, tuendelee," alisema karani, akivuta fomu. "Jina la mwenye nyumba?"

Zenebech aliutazama uamuzi ule ukutani.

"Mama, jina. Watu wanangoja."

Zenebech alinyoosha mgongo. Alilitaja jina la mumewe, na la baba wa mumewe, na la babu yake, lote kamili, kama linavyotajwa kanisani.

"Endale Wubshet Tessema."

Karani, bila kuinua macho, alivuta droo.

"Asante, mama," alisema. "Weka humu."